Dirisha la kutazama ziwa, na jua linalokuja nalo

Mkuu, umesema kiwanja chako kiko kwenye mteremko huku Kigoma, ramani umepewa na shemeji yako aliyejenga Dar, na sebule imechorewa slaidi (dirisha la kusukuma pembeni) ya futi 8 inayotazama ziwa. Unauliza aluminiamu au mbao, na pazia gani. Nitafika huko, ila kuna jambo hukuuliza nalo ndilo lililonigharimu: jua.

Saa tunatumia moja na Dar, lakini sisi tuko mbali sana magharibi, kwa hiyo jua letu linachelewa kama dakika 40. Wenzetu wakiwa wanawasha taa, huku bado linakupiga usoni, na linazama nyuma ya milima ya Kongo karibu saa 1 usiku. Ziwa nalo liko upande huohuo. Dirisha la ziwa ndilo dirisha la jua la jioni, ukitaka moja umechukua yote mawili.

Mimi niliweka futi 8 kwa 5, bila baraza, maana hela iliishia kwenye bati. Fundi akaniambia, "Bosi, hapa watu watapiga picha." Picha walipiga kweli. Lakini kuanzia saa 9 mchana mpaka magharibi hakuna aliyekaa sebuleni, watoto walihamia jikoni na kazi zao za shule. Kochi lililokuwa jekundu, mkono wa upande wa dirisha uligeuka rangi ya chai ya maziwa, na hadi leo ukiinua kitambaa tulichokifunikia unaona mstari. Usijidanganye na bati kuchomoza futi 2: linakinga jua la saa 7 mchana lililoko kichwani, jua la saa 11 limelala, linapita chini yake. Angalia stesheni yetu ya reli ya Kigoma, jengo la Wajerumani. Mbele kuna matao, kivuli kwanza, ukuta nyuma. Mimi nilikuja kuongeza baraza la futi 8 lenye paa la chini, na mkeka wa matete ninaoukunja kwa kamba jua likishazama. Ningelijenga mwanzoni ningelipa nusu.

Kimo cha dirisha kutoka sakafuni usimwachie fundi. Yeye atapandisha futi 3 au 3 na nusu kwa mazoea. Siku tulipofika hapo nilileta kiti cha plastiki, nikakaa katikati ya sebule ambayo haina hata sakafu, kijana akashika fimbo ukutani. Ukikaa, macho yako yako kama futi 4 kutoka chini. Kwenye futi 3 na nusu nilikuwa naona mbingu, milima ya ng'ambo na maji ya mbali tu. Tukashusha hadi futi 2 na nusu, mitumbwi ikatokea. Wale mafundi walinicheka, lakini kimo hicho ndicho sikijutii.

Sasa aluminiamu. Wanaokuambia italiwa na chumvi wanakuletea habari za pwani, Tanganyika ni maji baridi. Tatizo la slaidi ni mawili. Kwanza, ya vioo viwili inafunguka nusu tu, kwa hiyo dirisha la futi 6 hewa yake ni ya futi 3. Pili, mvua. Reli ya chini ina vitundu vya kutolea maji nje. Fundi wangu alipaka silikoni kila mahali, na vitundu akaviziba. Mvua ya kwanza ya upepo, mwezi wa 11, reli ilijaa kama sahani ya supu, maji yakamwagikia ndani. Nilivizibua kwa msumari, basi. Kabla hujamlipa fundi, mwaga kikombe cha maji kwenye reli uone yanatokea wapi.

Vyumbani nimeweka mbao, mabawa mawili yanayofunguka nje. Mninga ukipata, mchwa hawausumbui kirahisi, ila uwe umekauka kweli. Mbao mbichi zikikaukia ukutani zinasinyaa na kupinda, dirisha halifungi vizuri. Wavu wa mbu fanya fremu yake yenye bawaba upande wa ndani, la sivyo kila ukitaka kufunga dirisha unaukata. Na chumba cha kulala usikipe ukuta wa magharibi kama una namna. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unageuka na kushuka kutoka vilimani, hivyo dirisha la upande wa mlimani ndilo litakulaza bila feni. Lipe na tundu la kutokea ukuta wa pili, hewa haiingii chumba kisicho na pa kutokea.

Grili weka, ila chumba kimoja iwe ya kufunguka kwa ndani, na ufunguo uning'inie kwenye msumari kila mtu aujue. Moto hausubiri mtu atafute ufunguo kabatini.

Pazia: huku vitenge tunavyo, tuvitumie. Upana wake ni kama inchi 45. Dirisha la futi 5 linahitaji kitambaa mara mbili ya upana ili likunjike vizuri, yaani vipande vitatu. Pazia fupi kila kipande yadi 2, pisi moja ya yadi 6 imekutosha. Upande wa ziwa shonea kitambaa cheupe nyuma, la sivyo mwaka mmoja maua yote yamefifia. Fimbo ipite dirisha kama futi moja kila upande, pazia likifunguliwa likae ukutani na si juu ya kioo. Kioo cha tinti nacho kisikudanganye: mchana unamwona mpita njia naye hakuoni, usiku ukiwasha taa anakuona wewe.

Halafu mkuu, hiyo ramani ya shemeji inaonyesha kaskazini iko wapi? Piga picha ukurasa wa kwanza uiweke hapa kabla hawajaanza kupanga tofali.