Taa zinapepesa na laptop inakwama: anza na PAL

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: kamera mpya, taa za ukumbini zinapepesa kwenye video, na faili za H.265 (namna ya kubana video) zinakwama kwenye laptop.

Kwanza fungua menyu ya kamera uone kama iko NTSC au PAL, yaani mifumo miwili ya idadi ya fremu (picha) kwa sekunde. NTSC inakupa fremu 30 na 60, ila umeme wetu ni hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka PAL, fremu 25, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Ile mistari ya kupepesa inayopanda ukutani kwenye video itakata. Hamisha kazi zako kabla, baadhi ya kamera hudai kadi ifomatiwe ukibadilisha. Taa za rangi za MaDJ ni korofi, hazifuati hesabu hii. Sogeza shata kidogo kidogo huku macho yako kwenye skrini.

Fremu 50 ziwekee bibi harusi anapoingia: ukizishusha hadi 25 mwendo unapungua nusu bila kukatakata.

H.265 faili ni ndogo, ila laptop ya zamani inahema kuifungua. Rekodi H.264, namna ya zamani iliyo nyepesi kufungua, na rangi za biti 8. Na 4K, ile picha kubwa kuliko 1080, ya nini kama mteja ataipokea WhatsApp? Harusi nyingi mimi natoa 1080.