Ondoeni Neno "Kama" Katika Toba Zenu

Wazee wa kanisa mlioingizwa kazini mwaka huu, Jumapili iliyopita nilimsikia mmoja wenu akisimama baada ya matangazo na kusema, "Kama kuna mtu nimemkwaza, anisamehe." Niliinamisha kichwa, kwa maana maneno hayo niliyatumia kabla hamjapata kipaimara.

1. Taja kosa kwa jina lake, wala usiseme shetani alikupitia. Msinijibu kwamba hata Zakayo, yule mtoza ushuru, alisema "ikiwa" nimemnyang'anya mtu. Yeye aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne.

2. Nenda kwanza kwa uliyemkosea, ndipo uende madhabahuni, kama Mathayo 5 inavyoagiza. Hapa mnivumilie. Nikiwa mhazini wa mtaa, nilichukua shilingi 80,000 za bahasha za ahadi ili nilipe ada ya mtoto, nikitumaini kuzirudisha mwisho wa mwezi. Hesabu zilikaguliwa kabla ya hapo, na macho ya baraza yakamgeukia mzee kijana aliyekuwa akihesabu sadaka pamoja nami. Sikumshtaki, nilinyamaza tu, nikijidanganya kwamba kunyamaza si uongo. Fedha nilizirudisha kimyakimya, zikaandikwa kuwa zilikosewa kuhesabiwa, lakini yeye hakuitwa tena kuhesabu sadaka, akahamia benchi la nyuma karibu na mlango. Baadaye, katika semina ya uamsho, nilisimama nikalia kwa sauti, nikasema kama kuna mtu nimemkwaza anisamehe, watu wakaanzisha pambio, nami nikaketi nikijiona mtakatifu huku yeye akinitazama.

Ilinichukua miaka 3 kufika nyumbani kwake. Nilianza na habari za ada, akanikatiza: "Mzee, ada nimeisikia. Ulifanya nini?" Nilipomaliza, alimwita mkewe, akaniomba niyarudie yote mbele yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akinyoshewa kidole sokoni. Kuyarudia mbele ya baraza na kuvuliwa uhazini kulikuwa kwepesi kuliko dakika zile.

3. Usidai msamaha siku hiyohiyo, wala usiulinde uso wako. Mfalme Daudi alipokemewa na nabii Nathani alisema tu kwamba amemfanyia Bwana dhambi. Mfalme Sauli alikiri, kisha papo hapo akamwomba nabii Samweli amheshimu mbele ya wazee. Mume alinipa mkono jioni ileile. Mkewe alinikaribisha chai mwaka uliofuata.