Wasomaji Wanauliza: Tembo wakizidi, wapunguzwe kwa risasi?

SWALI: *Huku kwetu Tunduru tembo wanamaliza mahindi kila msimu. Tunasikia Afrika Kusini walikuwa wakiwapiga risasi kutoka kwenye helikopta mpaka idadi ikatulia. Kwa nini na sisi tusifanye hivyo?* (Mkulima, Tunduru)

JIBU: Pole sana kwa hasara, ndugu mkulima. Ulichosikia ni kweli. Katika Hifadhi ya Kruger, kati ya 1967 na 1994, waliuawa tembo zaidi ya 14,000. Shabaha ilikuwa kubaki na tembo kama 7,000. Lakini hebu piga hesabu. Tembo wenye maji na malisho ya kutosha huongezeka kwa asilimia 5 hadi 7 kwa mwaka. Kwa kundi la 7,000, hao ni tembo 350 hadi 490 wa kuondolewa kila mwaka ili tu idadi isipande. Kruger walipoacha, idadi ilipanda hadi kupita maradufu. Upunguzaji wenyewe huchochea uzazi: wanaobaki wanapata chakula tele, majike huanza kuzaa mapema na nafasi kati ya ndama na ndama inafupika. Anayekubali kuanza kazi hii amekubali kuifanya mwaka hadi mwaka, na wanaomfuata waifanye pia. Hilo ndilo la kujiuliza kabla ya kununua risasi hata moja.

Namna ya kuua nayo ina masharti. Rubani huwakusanya tembo wa familia moja mahali pa wazi, na jike mkubwa anayewaongoza hupigwa kwanza. Wengine hawakimbii, humzunguka wakiwa wamechanganyikiwa, nao humalizwa haraka kwa risasi za ubongo. Ni jambo la kutisha kulisoma, lakini kuacha nusu ya familia ni kubaya zaidi. Kwa miaka mingi Kruger walitumia kwanza dawa ya kulegeza misuli, iitwayo skolini. Dawa hiyo humwangusha mnyama na kumzuia kupumua, ila haimlazi wala haiondoi maumivu: tembo analala chini akijua kila kinachotokea mpaka risasi imfikie. Ilikuja kuachwa, na kwa maoni yetu ilichelewa kuachwa.

Kosa jingine lilikuwa la huruma. Ndama walihurumiwa, wakapelekwa kwenye hifadhi nyingine bila wakubwa wao. Waliopelekwa Pilanesberg walipobalehe, madume yaliingia mapema mno kwenye masti, ile hali ya homoni kupanda na dume kuwa mkali, yakaanza kuua vifaru weupe. Katika miaka ya 1990 vifaru zaidi ya 40 waliuawa. Mwaka 1998 yaliletwa madume sita ya makamo kutoka Kruger. Vijana wakatulia, masti yao ikapungua, na mauaji ya vifaru yakakoma. Tembo hulelewa na kufunzwa. Ukivunja familia, bili inakuja baada ya miaka kumi.

Turudi shambani kwako, maana hapo ndipo hoja ya Kruger inapokwama. Wanaovunja mashamba mara nyingi ni madume machache yaliyozoea, yanayokuja usiku na kujua ratiba ya mahindi kuliko bwana shamba. Ukiua familia mia tatu za majike na ndama ndani ya hifadhi, hayo madume bado yanakuja. Nanyi Tunduru mko kwenye ushoroba wa Selous–Niassa: tembo wanapita, hawajahamia kwenu kwa sababu kwao kumejaa. Dume mmoja sugu anayeua watu akipigwa na askari wa wanyamapori, hatuna pingamizi. Huko ni kuokoa maisha, wala kusiitwe kudhibiti idadi.

Kwa ulinzi wa usiku, vikosi vya vijiji nchini vinatumia hatua nne kwa mfuatano: tochi kali inayomulikwa machoni, honi, kisha bomu la pilipili, yaani fataki ndogo iliyofungwa ndani ya kondomu pamoja na mchanga na unga wa pilipili, ambayo ikilipuka inatoa wingu la kuwasha, na mwisho fataki ya kurusha angani. Siri iko kwenye mfuatano. Ukianza na mlipuko kila siku, tembo anazoea na unabaki bila akiba. Simama upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kwake, la sivyo pilipili utaila wewe. Na msimzunguke: mwacheni njia ya kurudi porini.

Kuhusu kifuta jasho, toa taarifa serikali ya kijiji mara moja ili ofisa afanye tathmini kabla mabaki hayajakauka. Kanuni za 2011 ziliweka kikomo cha ekari tano, na kusema shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halilipwi. Wengi wanakosa fedha kwa sharti hilo la pili, na wanalijua baada ya kuvuna hasara.

SWALI: *Wazee huku wanasema tembo wa Tsavo waliwahi kufa kwa njaa kwa sababu wakubwa walikataa kuwapunguza. Ni kweli?* (Msomaji, Voi)

JIBU: Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 1966 mtafiti Richard Laws aliwaua tembo 300 Tsavo ili kuwachunguza umri na uzazi, kisha akataka wengine 2,700 kutoka makundi mengine. Miti na mibuyu ilikuwa inaangushwa, pori likigeuka nyika ya majani. Mhifadhi wa Tsavo Mashariki, David Sheldrick, alikataa akisema nchi itajirekebisha yenyewe. Laws akaondoka. Ukame wa 1970 na 1971 ukaua tembo wapatao 6,000, wengi wao majike na ndama, kwa kuwa jike mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na maji, na karibu na maji ndiko majani yalikoisha kwanza. Kiu haikuwa tatizo kubwa. Walikufa njaa wakiwa kando ya mto.

Baadaye vichaka vilirudi na kila upande ukadai ushindi. Lakini ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliingia katikati, ukaua maelfu kwa maelfu, na jaribio lenyewe likaharibika. Funzo ambalo halina ubishi ni la maji. Kruger walichimba visima zaidi ya 300, tembo wakasambaa kila kona na hakuna sehemu iliyopumzika. Wamefunga sehemu kubwa ya visima hivyo. Kabla hujasema tembo wamezidi, uliza nani amewawekea maji.

SWALI: *Si afadhali kuwahamisha? Hapa Kwale walifanya hivyo.* (Mwalimu, Kwale)

JIBU: Walifanya, mwalimu. Mwaka 2005 tembo 150 walitolewa Shimba Hills wakapelekwa Tsavo Mashariki. Baadhi hawakukaa pale walipoachiwa, na wapo waliorudi kwao. Kazi yenyewe ni ya dakika chache zenye hatari. Tembo aliyepigwa sindano ya usingizi akianguka kifudifudi, matumbo yanasukuma mapafu na anaweza kukosa pumzi. Watu wanamvuta kwa kamba alale ubavu. Mkonga unanyooshwa, ncha yake inawekewa kijiti isizibe, sikio linafunikwa juu ya jicho, mwili unamwagiwa maji. Familia nzima ichukuliwe siku moja. Ni njia nzuri kwa eneo dogo lenye uzio lililojaa, mradi kuwe na mahali pa kuwapeleka. Hapo ndipo penye uhaba.

SWALI: *Uwindaji wa kitalii si unasaidia kupunguza?* (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana. Mwindaji wa kitalii anataka dume mzee mwenye pembe kubwa, na dume akiondoka majike yanazaa vilevile. Unaweza kuutetea kwa fedha, au kwa ardhi isiyolimwa kwa sababu ya vitalu vya uwindaji. Hizo ni hoja halali. Ila madume wa Amboseli, Kenya, waliopigwa kwa kibali upande wa Tanzania, huko Enduimet, kuanzia 2023 hawakupunguza msongamano wowote. Walikuwa wachache, na ndio waliokuwa wakiwafunza vijana.

SWALI: *Na dawa ya uzazi wa mpango?* (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Ipo chanjo inayorushwa kwa mshale kutoka kwenye helikopta, na hifadhi ya Makalali, Afrika Kusini, wameitumia tangu 2000. Inahitaji kumtambua kila jike na kurudia mara kwa mara. Mimba ya tembo ni miezi 22, kwa hiyo waliokwisha kushika mimba wataendelea kuzaa kwa karibu miaka miwili baada ya chanjo ya kwanza. Kwenye eneo la tembo mia inawezekana. Kwa Ruaha, sahau.