Hesabu zinapogoma: maswali yenu kutoka Mwanza na visiwani

Shikamoo mwalimu. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwanangu wa darasa la sita akinisaidia Jumamosi, chenji anapiga kichwani bila kukosea. Shuleni analeta 20 kwa 100. Ni uvivu?

Marahaba mama. Uvivu haumo hapo. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu watoto watano wachuuzi wa Recife, Brazil. Kwenye biashara watoto hao walipata asilimia 98 ya majibu. Hesabu hizohizo zilipoletwa kama tarakimu tupu, wakashuka hadi asilimia 37. Mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, moja ikiwa 35. Hakuongeza sifuri mwishoni kama tunavyofundisha darasani. Alisema tatu ni 105, tatu nyingine inakuwa 210, akafika 315, akaongeza moja: 350. Mtoto wa namna hiyo anajua kabisa kuzidisha ni nini. Kinachompotea ni njia ya kutoka kichwani hadi kwenye daftari.

Basi mjengee njia hiyo nyumbani. Muulize: sado moja tuseme ni shilingi 6,500, sado 7 ni ngapi? Aseme kwa sauti anavyofikiri, na wewe au kaka yake aandike kila anachosema. Pengine atasema 6,000 mara 7 ni 42,000, mia tano mara 7 ni 3,500, jumla 45,500. Sasa mfanye kwa njia ya shule, pembeni ya ile yake. Saba mara tano 35, andika 5, beba 3. Muulize hiyo 3 imetoka wapi. Ni elfu tatu zilezile za kwenye 3,500! Akiiona hiyo, "kubeba" hakutakuwa tena amri ya mwalimu asiyoielewa. Na usimkataze kuja sokoni Jumamosi, mradi siku za masomo awe darasani.

Binti yangu wa darasa la tano, hapa Igoma, anaimba jedwali la kuzidisha vizuri. Ukimuuliza 7 mara 8 ghafla, kimya. Baba yake ameanza kushika fimbo.

Fimbo iwekwe chini leo hii. Mtoto mwenye hofu akili yake inashughulika na hofu, na nafasi anayoihitaji kushikilia namba inakwisha.

Wimbo unakumbukwa kwa mfuatano, ndiyo maana ukimkata katikati anapotea. Jedwali la 1 hadi 10 lina majibu 100, lakini toa la 1, la 2, la 5 na la 10, ambayo huenda anayajua. Kisha kumbuka kuwa 3 mara 8 na 8 mara 3 ni jibu moja. Yanabaki 21 tu. Yaandike kwenye vikaratasi, uvichanganye, umuulize vichache kila jioni. Alichokosa kirudi kesho, halafu kirudi tena baada ya siku chache. Hiyo 7 mara 8 aipate kwa kuanzia anapojua: 7 mara 4 ni 28, mara mbili yake 56.

Nafundisha Sengerema. Nimeeleza KDS (kigawe kidogo cha shirika) hadi nimechoka, bado wanajumlisha 1/2 na 1/3 wanapata 2/5.

Mwalimu mwenzangu, iache KDS kwanza. Waulize: ulikuwa na nusu, ukaongezewa, inakuwaje unabaki na pungufu ya nusu? Maana 2/5 haifiki nusu. Waache wabishane. Wanachofanya kina mantiki yake: wanaona namba nne za kawaida, wanajumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Kisha kunjeni karatasi, sehemu mbili sawa kwa upande mmoja na sehemu tatu sawa kwa upande mwingine. Vinatokea vipande 6. Nusu ni vipande 3, theluthi ni 2, jumla 5 kati ya 6. Hapo ndipo KDS ina kazi.

Uwachunguze pia kwa 10 − 3 + 2. Wengi wataandika 5 kwa sababu kwenye MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) "JU" imetangulia "TO". Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, unakwenda kushoto kulia: jibu ni 9.

Darasa la saba nilifaulu hesabu. Sasa nipo kidato cha kwanza Ukerewe, kila kitu Kiingereza, nimekuwa wa mwisho.

Hesabu hujazisahau, mwanangu. Tenga daftari dogo: neno jipya la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, na mfano mmoja wa namba. Ukipewa swali la maneno, jiambie kwanza kwa Kiswahili kinachotafutwa, ndipo ushike kalamu. Bishaneni na wenzako kwa Kiswahili, jibu liandikwe kwa Kiingereza.

Ni kweli wasichana hawana kichwa cha hesabu?

Si kweli. Maryam Mirzakhani wa Iran alipata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati duniani, mwaka 2014, Maryna Viazovska wa Ukraine mwaka 2022. Anayeuliza hivi aangalie nyumbani kwake jioni: nani anachota maji, nani anakaa na daftari.

Mtihani wa kidato cha nne umekaribia. Nianzie wapi?

Chukua mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wa miaka iliyopita, ufanye kwa muda uleule, bila daftari. Baada ya kusahihisha, tenga makosa: uliyojua ukateleza, na yale ambayo hukujua hata pa kuanzia. Ya kwanza yanataka mazoezi na kuhakiki jibu. Ya pili rudi nayo kwenye mada yenyewe, hata ikiwa ni ya kidato cha kwanza. Kusoma suluhisho ukaitikia kwa kichwa hakutoshi. Lifunike, kesho ulifanye mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Ukikwama, mpelekee mwalimu karatasi yenye hatua zako zote, hata zilizokatwa, ili aone ulikopotea.