Kupima Mti Shamba wa Maumivu na Uvimbe: Panya Aliyetulia Asikudanganye

Kabla ya kumgusa panya, maliza kazi ya mmea. Tawi lenye majani na maua libanwe, likaushwe, litambuliwe na mtaalamu wa mimea na kuhifadhiwa kwa namba. Bila hilo hakuna atakayeweza kurudia kazi yako. Majani mengine anika kivulini mpaka yavunjike mkononi, saga, kisha loweka gramu 100 katika lita 1 ya ethanoli ya asilimia 70 kwa saa 72, ukitikisa mara kwa mara. Chuja, halafu vukiza kwa joto lisilozidi nyuzi 40 ili ubaki na dondoo, yaani kile kilichotoka kwenye majani. Kama waganga huuchemsha kwa maji, tengeneza na dondoo la maji. Ethanoli huvuta vitu ambavyo mgonjwa hajawahi kuvinywa.

Kibali cha maadili kiwe mkononi, na kipimo cha sumu kitangulie: miligramu 2000 za dondoo kwa kilo ya uzito wa panya, kisha panya waangaliwe siku 14.

Kwa uvimbe, gawa panya wa aina kubwa (rat) makundi ya sita sita: wa kimiminika kitupu kisicho na dawa, wa indomethasini, dawa ya uvimbe inayozuia prostaglandini (miligramu 10 kwa kilo), na wa dondoo kwa miligramu 100, 200 na 400. Saa moja baada ya kuwanywesha, choma mililita 0.1 ya karajinani (kitu cha mwani kinachosababisha uvimbe) ya asilimia 1 chini ya ngozi ya unyayo wa nyuma. Hapa ndipo wengi huharibu. Chora mstari wa wino kwenye kifundo kabla ya sindano, na kila unapopima ujazo zamisha mguu kwenye maji ya kipimio mpaka mstarini, si juu wala chini yake. Ukikosea kidogo tu, uvimbe "unapungua" bila dawa. Pima kabla ya sindano, kisha kila saa hadi ya tano. Uvimbe huendeshwa na kemikali za mwili wenyewe: saa ya kwanza hutawaliwa na histamini na serotonini, na kuanzia kama saa ya tatu ni prostaglandini. Dondoo linalofanya kazi saa ya kwanza pekee usiliite ndugu wa indomethasini.

Kwa maumivu, wengi hupenda kuchoma sindano ya asidi asetiki ya asilimia 0.6 tumboni mwa panya wa aina ndogo (mouse), wakihesabu mijikunjo ya mwili inayoletwa na maumivu. Ni rahisi, lakini kwa maoni yangu peke yake haitoshi: hata dawa ya usingizi hupunguza mijikunjo. Ongeza fomalini ya asilimia 2.5, mikrolita 20 unyayoni, na upime muda wa kulamba mguu dakika 0 hadi 5 (awamu ya kwanza), kisha 15 hadi 30 (awamu ya pili). Nafuu ikionekana awamu ya pili tu, huenda mmea unapambana na uvimbe; ikionekana zote mbili, fikiria ubongo na uti wa mgongo.

Anayehesabu asijue panya yupi kanywa nini. Na wapandishe wengine waliokunywa dozi ileile kwenye fimbo inayozunguka: wakianguka mapema kuliko kundi la kimiminika kitupu, matokeo yako ya maumivu hayawezi kutenganishwa na usingizi au ulegevu wa misuli.