Mjuaji si mjuzi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimo kwenye kamati ya harusi ya mdogo wangu. Juzi mpishi alisema kilo 40 za mchele zinatosha watu 300, nikabisha. Nikatoa maoni pia juu ya ukumbi, keki, hadi rangi ya vitenge vya kina mama. Mweka hazina akanikatiza: "Dada, ujuaji wako umezidi!" Watu wakacheka. Je, nimetukanwa? Mbona kujua ni jambo zuri? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujatukanwa, ila kusifiwa nako hujasifiwa.

Kitenzi ni kimoja, kujua, lakini watoto wake hawafanani. Fundi akikushonea kanzu ikakukaa vizuri mabegani, huyo ni mjuzi. Mjuaji ni yule aliyesimama mlangoni kwa fundi akimwelekeza sindano ipite wapi. Kosa si la kiambishi -aji. Msomaji na mwimbaji wanakibeba na hakuna anayewanunia. Matumizi tu ndiyo yamemharibia mjuaji jina, na ndiyo maana ujuaji hutanguliwa mno na "acha" au "punguza".

Yupo na mjuvi, mkali zaidi. Nikiwa mtoto Pangani nilimsahihisha mgeni bei ya nazi. Bibi akanigeukia: "Wacha ujuvi!" Bei niliitaja sawasawa. Kosa langu lilikuwa kuingilia maneno ya wakubwa, kwa hiyo ndani ya ujuvi mna utovu wa adabu. Watazame na majirani zake wa -vi: mlevi, mgomvi, mwivi. Mimi hapo ningemkaribisha chai mvuvi peke yake.

Usijichanganye na kimbelembele. Huyo hutanguliza miguu. Saa hizi angekuwa sokoni ananunua huo mchele. Wala wewe si mbishi, maana mbishi hana lake: ukisema Simba yeye Yanga, ukimkubalia Yanga anahamia Simba. Wewe unayo yako, tena kwa kila ajenda, na hapo mweka hazina alilipata neno barabara. Ungeishia kwenye mchele asingekuwa na la kusema, kwani kuuliza hesabu ya chakula ni haki ya mwanakamati.

Ila mke wangu, aliyepikia harusi na misiba isiyohesabika, hukadiria kilo moja kwa watu wanane. Zidisha mwenyewe kabla ya kikao kijacho.