Kiporo cha nyama ya kuchoma: hatari iko kwenye kupoa, si kwenye kupasha

Anayeanza kuchoma nyama hujifunza haraka habari ya mkaa na viungo, lakini kiporo hukisukuma tu ndani ya friji na kuamini kwamba moto wa kesho utamaliza lolote lililotokea usiku. Hautamaliza. Moto wa pili huua bakteria walio hai, ila hauondoi kila sumu waliyokwisha kuiacha. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hukaa puani na kwenye ngozi za watu, na huingia kwenye nyama kupitia vidole vya wanaokata na wanaodokoa. Sumu yake haiharibiki hata ukiichemsha. Bakteria mwingine, Clostridium perfringens, ana mbinu nyingine. Spora zake, yaani chembe zake sugu zilizolala, hustahimili moto wa kwanza, kisha pande nene la nyama linapopoa polepole huamka na kuzaliana kwa kasi, hasa nyama ikiwa kwenye nyuzi joto 43 hadi 47 za Selsiasi.

Kwa hiyo anza kuhesabu muda nyama inapotoka motoni, usisubiri wageni waondoke. Joto linalowapendeza bakteria ni kati ya nyuzi 4 na 60, na nyama isikae humo zaidi ya saa 2. Hewa ya nje ikizidi nyuzi 32, kama ilivyo kawaida mchana wa jua kali, una saa 1 tu. Nyama iliyowekwa pembeni mwa jiko ikabaki juu ya nyuzi 60 haimo kwenye hesabu hiyo. Itakauka, lakini ni salama. Iliyopitisha muda itupwe, hata kama inauma.

Sasa kupoza. Pande la kilo 3 likiingia friji likiwa zima, nje litakuwa baridi huku katikati kukiwa na uvuguvugu kwa saa nyingi. Ligawe katika vipande vyenye unene usiozidi sentimita 5, toa mifupa mikubwa, kisha uvitandaze kwenye chombo kipana chenye kina kifupi, bila kurundika. Usiende mbali zaidi ya hapo. Ukikatakata vipande vya kuingia mdomoni, nyama yote inakutana na hewa, mafuta yake huchacha na kesho utapata ile ladha ya kiporo kilicholala, ambayo haifunikwi na pilipili wala ndimu. Mwagia juu mchuzi uliotoka kwenye nyama wakati wa kukata, maana huo ndio utakaoilainisha wakati wa kupasha.

Usisubiri chombo kiwe baridi kabisa ndipo ukiingize friji. Mvuke mkali ukitulia, kiingize, mfuniko ukiwa wazi kidogo, na uache nafasi kati ya chombo na chombo ili hewa ipite. Kikishapoa, funga vizuri. Una haraka? Weka nyama kwenye mfuko usiopitisha maji, ufunge, uuzamishe kwenye beseni la maji na barafu.

Koleo, sinia na ubao uliogusa nyama mbichi usiguse iliyoiva mpaka vioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Kosa hili hutokea sana kwenye uchomaji kwa sababu kila kitu kiko kwenye meza moja. Mchuzi uliolowekea nyama mbichi nao haupakwi juu ya iliyoiva. Ukiutaka, uchemshe kwanza hadi utokote sawasawa, au utenge kiasi chake kabla ya kuloweka.

Ndani ya friji joto liwe nyuzi 4 au chini. Namba 1 hadi 5 kwenye kitufe cha friji nyingi si nyuzi joto, ni ngazi za ubaridi tu, hivyo nunua kipimajoto kidogo na ukiweke rafu ya kati. Mlangoni hupata joto kila anapofungua mtu, kwa hiyo nyama isikae huko. Iliyoiva ikae juu, mbichi chini, ili damu isidondokee kiporo. Andika tarehe kwenye chombo: siku 3 hadi 4, basi. Usitegemee pua, kwa kuwa bakteria wanaougulisha watu mara nyingi hawabadilishi harufu wala rangi. Na wekundu unaoonekana chini ya ukoko wa nyama iliyofukizwa moshi si dalili ya ubichi, ni gesi za moshi zilizokutana na rangi ya nyama yenyewe.

Kwa friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, fungasha mafungu bapa ya takriban nusu kilo na uminye hewa yote itoke. Nyama itabaki salama muda mrefu, ila baada ya miezi 2 au 3 ladha inashuka. Mashine ya kunyonya hewa husaidia, lakini si mbadala wa ubaridi: wapo bakteria hatari wanaostawi pasipo hewa. Kuyeyusha kufanyike ndani ya friji usiku kucha, au kwenye maji baridi yanayobadilishwa kila dakika 30, mfuko ukiwa umefungwa. Kamwe si mezani.

Kupasha kuna lengo moja: nyuzi 74 katikati ya kipande kinene kuliko vyote. Sindano ya kipimajoto isiguse mfupa, itakudanganya. Kwa mbavu na mapande yenye mafuta, oveni ya nyuzi 165 ndiyo njia bora: chombo kilichofunikwa kwa foili, vijiko 3 au 4 vya supu chini, kisha fungua dakika za mwisho ili ukoko urudi. Juu ya mkaa, funga kwenye foili pamoja na supu kidogo na uweke upande usio na makaa. Sosi yenye sukari au asali ipake mwishoni, la sivyo itaungua kabla katikati hakujapata moto. Maikrowevu huacha sehemu baridi, hivyo tumia nguvu ya nusu, funika, geuza katikati ya muda, subiri dakika 2, kisha pima sehemu mbili tatu. Chungu cha umeme cha kupika polepole hakifai kabisa kwa kazi hii, kinachelewa mno kuvuka nyuzi 60.

Steki iliyoachwa nyekundu ndani haitabaki nyekundu ikifika nyuzi 74, usijisumbue. Kama ilipozwa na kuhifadhiwa ipasavyo, ikate nyembamba uile baridi. Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasifanye hivyo, kwa kuwa bakteria aitwaye Listeria huweza kuongezeka hata ndani ya friji.

Pasha kiasi kitakacholiwa tu, kingine kibaki friji. Umeme ukikatika usifungue mlango: friji hushikilia ubaridi kama saa 4, friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Nyama iliyoyeyuka lakini bado ina chembe za barafu inaweza kugandishwa tena, ingawa itapoteza maji zaidi.